Mjadala: Je, anayemlea mwalimu darasani awe ndiye pia anayempima?

Mleta mada:

Ndugu walimu na wazazi wa Dar es Salaam, naomba tujadili jambo moja kuhusu MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Walimu hukutana shuleni katika Jumuiya za Ujifunzaji ili kusaidiana katika mada zinazowatatiza, na utaratibu huo naukubali kwa moyo wote. Ninachokipinga ni kwamba anayeingia darasani kutusaidia mara nyingi ni yuleyule anayetusimamia: mwalimu mkuu au Afisa Elimu Kata.

Nafundisha darasa la pili wilayani Temeke. Mwaka juzi mwalimu mwenzangu asiye na cheo chochote aliketi nyuma ya darasa langu Alhamisi tatu mfululizo. Hakuja na fomu. Alichora madawati kwenye daftari na kuweka alama kila nilipomwita mtoto ajibu. Aliponionyesha, karibu alama zote zilikuwa kwenye safu mbili za mbele, na watoto wa upande wa dirishani hawakuwa na hata moja, ilhali kwa miaka mingi niliamini kwamba nafundisha darasa zima. Tukakubaliana niandike majina yote kwenye vikaratasi, nivitie koponi, niwe nachomoa. Hapo ndipo nilipowabaini watoto wanne waliokuwa wakiimba silabi pamoja na wenzao bila kuzitambua ubaoni.

Muhula uliofuata alikuja msimamizi. Nilimweleza udhaifu wangu kwa uwazi uleule, na maneno yangu nikayakuta katika taarifa ya utendaji wangu. Tangu siku hiyo, akija mtu mwenye faili narudia somo nililolifundisha jana. Watoto wanajibu vizuri, naye anaondoka ameridhika.

Kwamba msaada wa darasani unazidi semina, sina shaka. Katika jimbo la North West, Afrika Kusini, watafiti walilinganisha walimu waliopewa semina na waliotembelewa darasani na mlezi, yaani mtu wa kumwelekeza mwalimu akiwa kazini, wote wakiwa na maandalio yaleyale ya kusomesha Kisetswana, na manufaa kwa watoto wa kundi la pili yalikuwa takribani mara mbili. Basi kama nguvu iko kwa mtu anayeingia darasani, ni lazima tuulize mtu huyo ni nani.

Mchangiaji:

Mwalimu, mimi ni Afisa Elimu Kata na hoja yako nimeisoma mara mbili. Nikiacha kuingia darasani, nani ataingia? Katika shule zetu za zamu mbili, mwalimu akimaliza vipindi anasahihisha rundo la madaftari kisha anawahi daladala. Huyo mwenzake wa kuketi naye Alhamisi tatu atatoka wapi? Nimeona pia jumuiya zisizofuatiliwa zikigeuka vikao vya kusaini mahudhurio. Na wale watoto wanne wana haki kwamba mwenye mamlaka ajue habari zao mapema.

Mleta mada:

Ndugu Afisa, kuhusu muda umesema kweli. Mwenzangu aliweza kuja kwa sababu alikuwa zamu ya mchana nami ya asubuhi, lakini alitoa nauli yake na asubuhi zake tatu, na mpango wa umma hauwezi kusimama juu ya hisani ya mtu mmoja. Ndiyo maana napendekeza mwalimu mlezi apunguziwe vipindi viwili kwa juma katika ratiba ya shule yenyewe. Matthew Kraft na wenzake, waliochambua tafiti 60 za ulezi wa aina hii mwaka 2018, waliona manufaa yakipungua pale programu inapokuwa kubwa, nami nahofia hivyohivyo kwa afisa mmoja anayegawanywa kwa shule zote za kata.

Kuhusu watoto, nakubali bila masharti: orodha ya wasiojua kusoma iletwe kwako kila mwezi. Uliza pia jumuiya imekutana mara ngapi na imeshughulikia mada gani. Lakini lile daftari la alama libaki kati ya walimu wawili. Je, katika kata yako ungekubali kuanza hivyo kwa muhula mmoja, hata kwa shule moja tu?