Fomu tanzu kuongea na fomu mama: Me.Parent, RaiseEvent au TempVars?

TeboMoja
Wakuu, heshima kwenu. Nina fomu ya ankara kwenye Microsoft Access (programu ya hifadhidata). Juu kuna mteja na tarehe, chini kuna fomu tanzu ya mistari ya bidhaa. Nikiongeza mstari nataka jumla ya juu ibadilike papo hapo, na kitufe cha Idhinisha kifunguke jumla ikizidi sifuri. Nimesoma njia tatu mpaka kichwa kinagonga: kumwita mama moja kwa moja kwa Me.Parent, kurusha tukio kwa RaiseEvent, au kuweka thamani kwenye TempVars (vigeu vya muda vya Access). Kwa sasa niko na Me.Parent na mambo yanakwenda, ila nikifungua fomu tanzu peke yake niifanyie marekebisho, napigwa kosa 2452 (Me.Parent haimpati mama). Ninyi mnatumia ipi?

Mzee wa Kwiri
Kabla hujachagua, jiulize kama msimbo unahitajika kabisa. Kwenye kijachini cha fomu tanzu weka kisanduku txtJumla chenye `=Sum([Kiasi]*[Bei])`. Juu kwa mama weka kingine chenye `=[ctlMistari].Form![txtJumla]`. Basi. Mstari ukihifadhiwa, jumla inabadilika yenyewe.

Ila Sum inataka majina ya safu za kwiri (query) inayoilisha fomu. Ukiitajia jina la kisanduku cha hesabu utaletewa #Error. Na hilo ctlMistari ni jina la fremu iliyoibeba fomu tanzu, si jina la fomu yenyewe. Mimi jioni yangu nzima iliishia hapo: Access ilikuwa imeibatiza fremu Child12, nami nimekazana kuita jina la fomu.

Fundi Fomu
Mzee, kwa kuonyesha tarakimu uko sawa. Lakini kitufe hakisikilizi fomula, hapo msimbo hauepukiki.

Na mimi nilikuwa mtu wa Me.Parent. Kisha mwenye kazi akataka fomu tanzu ileile ya mistari ikae pia kwenye manunuzi na kwenye marejesho ya mali. Ndani yake kulijaa `Me.Parent!btnIdhinisha.Enabled`, na hao mama wapya hawana kitufe hicho. Nikarundika If juu ya If mpaka nikajionea aibu. Siku hizi fomu tanzu zangu zinapiga yowe tu, mwenye masikio na asikie:

```
' fomu tanzu
Public Event MistariImebadilika()
Private Sub Form_AfterUpdate()
    RaiseEvent MistariImebadilika
End Sub

' fomu mama
Private WithEvents tanzu As Form_frmMistari
Private Sub Form_Load()
    Set tanzu = Me.ctlMistari.Form
End Sub
Private Sub tanzu_MistariImebadilika()
    PimaKitufe   ' Sub yako ya kufungua au kufunga Idhinisha
End Sub
```

Ukiifungua tanzu peke yake, yowe halina msikilizaji na hakuna kosa lolote. 2452 yako inaishia hapo.

Kalamu Nyekundu
Fundi unampa mtu nyundo ya kubomolea ukuta apigilie msumari. Ana mama mmoja! Aandike Public Sub kwa mama, tanzu iite `Me.Parent.PimaKitufe`, na aikinge dhidi ya 2452 kwa mstari mmoja wa On Error. Tanzu haigusi vitufe vya mwenzake, inagonga mlango tu. Nakubali dosari moja: Me.Parent ni Object, kwa hiyo ukikosea herufi kwenye jina, kompaila inanyamaza na kosa linamlipukia mtumiaji.

TempVars kwa kazi hii hapana. Ni ubao wa matangazo: unabandika karatasi, lakini hakuna anayeamshwa kuja kuisoma. Mimi naweka humo kitambulisho cha mtu aliyeingia kwenye mfumo, kwa kuwa TempVars zinabaki hata pale kosa lisilokingwa linapofuta vigeu vyote vya jumla (global) kwenye faili la accdb.

TeboMoja
Nimefuata njia ya Fundi (samahani Kalamu, fomu ya manunuzi ipo njiani kweli). Shida mbili: nikifungua ankara ya zamani kitufe kimefungwa ingawa mistari ipo, na nikifuta mstari hakuna kinachotokea.

Fundi Fomu
Tanzu hupakiwa kabla ya mama. Yowe lolote la wakati huo linapotea, mama bado hajaamka. Iite PimaKitufe kwenye Form_Current ya mama pia (hutokea kila anapofika kwenye rekodi). Na ndani yake usisome txtJumla, maana Sum ya kijachini huweza kuchelewa. Soma tebo:

`Nz(DSum("Kiasi*Bei", "tblMistari", "AnkaraID=" & Nz(Me!AnkaraID, 0)), 0)`

Hiyo Nz ya ndani (inaweka 0 pasipo na thamani) usiiache, rekodi mpya haina AnkaraID bado. Kuhusu kufuta: AfterUpdate haihusiki na ufutaji, rusha tukio kwenye AfterDelConfirm (baada ya uthibitisho wa kufuta) vilevile.

Mzee wa Kwiri
Na aliyezima uthibitisho wa mabadiliko ya rekodi kwenye mipangilio ya Access, AfterDelConfirm kwake haitokei. Kagua mashine za watumiaji, si yako tu.

TeboMoja
Vyote viwili vimekaa sawa, na Child0 yangu sasa inaitwa ctlMistari. Moja la mwisho: BeforeUpdate ya mama (tukio la kabla ya kuhifadhi) inakataa ankara isiyo na mistari, na sasa inanikatalia hata kabla sijaandika mstari wa kwanza!

Kalamu Nyekundu
Kishale kikitoka kwa mama kuingia kwenye tanzu, rekodi ya mama inahifadhiwa hapohapo. Lazima iwe hivyo, la sivyo mistari itafungwa kwa AnkaraID ipi? Ondoa ukaguzi huo kwenye BeforeUpdate, upeleke kwenye kitufe cha Idhinisha.