Wenzetu wanapunguzwa kazini: wakague nini kabla ya kusaini, na sisi tunaobaki tufanye nini?

Msimamizi_Zamu
Habari wadau. Kitengo chetu kinapunguzwa. Baadhi watapewa barua mwisho wa mwezi, mimi nabaki. Anayepewa barua akague nini kabla ya kusaini? Na tunaobaki tuwasaidie vipi bila kuwapa matumaini hewa? Pole tumeshawapa, naomba mambo ya kutekelezeka.

Karani_wa_Malipo
Mkuu, anza na sababu iliyoandikwa. Barua iseme wazi kuwa nafasi imeondolewa, isiguse nidhamu wala uzembe. Sentensi hiyo ndiyo atakayoisoma mwajiri ajaye, na mara nyingi ndiyo msingi wa kudai kiinua mgongo.

Kisha adai mchanganuo wa maandishi, kila kipengele na mstari wake: mshahara hadi siku ya mwisho, notisi au malipo badala yake, likizo ambayo hakuitumia, saa za ziada, gharama alizotanguliza kutoka mfukoni, kiinua mgongo. Jumla tupu haikaguliki. Pa kuangalia sana ni patatu. Likizo huweza kuhesabiwa hadi siku ya barua badala ya siku notisi inapoisha. Kiinua mgongo huweza kupigwa kwa mshahara wa msingi wakati mkataba unahesabu na posho. Na mkopo wa kazini hukatwa wote kwa mkupuo bila mtu kufungua mkataba wa mkopo kuona kama unaruhusu.

Kuhusu saini: "nimepokea" si "nimekubali". Akishinikizwa, aandike "nimepokea tu", aweke tarehe, abaki na nakala. Kifungu cha "malipo kamili na ya mwisho, sina dai lingine" asikisaini kabla ya kupata ushauri. Muda wa kupeleka malalamiko sehemu nyingi ni mfupi, hivyo asisubiri pesa ziingie ndipo aanze kuuliza.

Mwakilishi_Tawi
Naongezea upande wa haki. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba Na. 158 wa 1982 na Pendekezo Na. 166 la mwaka huohuo. Mkataba unazibana nchi zilizouridhia tu, ila ni kipimo kizuri hata kwa wengine. Unataka mwajiri ashauriane mapema na wawakilishi wa wafanyakazi. Pendekezo linataka vigezo vya nani aondoke viwekwe kabla, na mtu apewe muda wa kutafuta kazi ndani ya notisi bila kukatwa mshahara.

Kuna kipengele ambacho wengi hawakitumii: waliopunguzwa wapewe kipaumbele kazi za aina yao zikirudi, *ikiwa* walishaeleza kwamba wanataka kurudi. Kwa hiyo kila anayeondoka aache barua fupi yenye tarehe inayosema hivyo. Haigharimu kitu.

Meza_ya_Ajira
Barua pepe ya kazini inaweza kufungwa saa ileile mtu anapopewa barua. Achukue mapema mkataba, hati za mshahara, tathmini zake na taarifa ya michango ya pensheni. Nyaraka ZAKE. Orodha ya wateja au mafaili ya kampuni asiyaguse, maana hapo kupunguzwa kunageuka kufukuzwa.

Nyinyi mnaobaki, "ukihitaji chochote niambie" haisaidii, kwa sababu inamwachia yeye kazi ya kuomba. Afadhali useme: "Nitakuandikia barua ya utambulisho kufikia Ijumaa, nitaje kazi zipi tatu?" Ukimuunganisha na mtu, muombe ruhusa kwanza, kisha andika sentensi mbili juu ya anachokiweza. Msiwatoe ghafla kwenye kundi la ofisi bila kufungua jingine la nje.

Msimamizi_Zamu
Asanteni sana. Kuna jambo jingine: tumedhaminiana mikopo kwenye chama cha akiba. Hapo inakuwaje?

Karani_wa_Malipo
Mdhamini anafuatwa mkopaji akishindwa kulipa, kwa hiyo suala ni lenu wote. Mkopaji aende kwenye chama KABLA ya rejesho la kwanza kukwama, aombe mkopo upangwe upya, na apewe jibu la maandishi. Mwenye rekodi safi husikilizwa kuliko mwenye malimbikizo.

Fedha alizopata atoe kodi ya serikali na madeni ya lazima, kisha agawanye kwa matumizi ya lazima ya mwezi. Akibaki na mafungu 12 na mwezi unakula 2, ana miezi sita. Akibana hadi 1.5, ana minane. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kuingiza pesa kwenye biashara yoyote, na hasa biashara iliyoletwa na ndugu wiki ileile.

Meza_ya_Ajira
Siku za kwanza simu huwa nyingi, baadaye hunyamaza. Gawaneni majina sasa, kila mmoja awe na mtu wake wa kumpigia hata baada ya mwezi. Mtu akiacha kulala, akijiita mzigo au akianza kugawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, msimwache peke yake, mfikisheni kwa mhudumu wa afya.

Na kazi walizoacha: ziorodheshwe kwa safu tatu, inayoendelea, inayosubiri, inayoachwa. Mkuu wa kitengo aisaini. Safu ya tatu ikibaki tupu, maana yake mmeachiwa kazi zote, hivyo irudisheni kwake.