Stendi ya chupa ya rangi ya kucha: pete ya silikoni, mbao au kikombe cha mchele?

MamaRukia_Arua

Salaam jamani. Nina saluni ndogo hapa Arua, viti vitatu, na binti mmoja ananisaidia kuwafuata wateja majumbani. Wiki iliyopita nimemwaga chupa nzima ya rangi nyekundu kwenye gomesi ya mteja, lile gauni la heshima la Kiganda. Tena si gomesi ya kushindia. Ni mama wa Kiganda aliyeolewa huku kwetu, kesho yake alikuwa anapanda basi la Kampala kwenda kwenye kwanjula ya mdogo wake, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Chupa niliiweka kwenye mkono wa kiti kama nilivyozoea miaka yote. Mtoto akapita mbio, kiti kikatikisika, basi.

Gomesi nimeilipa. Sasa sitaki kuilipa nyingine. Nimeona vitu vitatu na nataka mnishauri kabla sijatoa hela:

Ya kwanza ni ile pete ya silikoni unayoivaa kwenye vidole viwili, chupa inakaa katikati. Jirani yangu aliipata Kampala kwa elfu kumi na tano. Ya pili ni stendi ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, ina mahali pa kulaza chupa. Ya tatu nimeiona kwa mama mmoja sokoni: kikombe cha mchele, chupa imezamishwa humo. Hii haina gharama, lakini naona kama utani.

Nani ametumia, na nini kimemshinda?

BintiBombo

Pole sana dada. Mimi si fundi wa saluni, najipaka mwenyewe nyumbani, tena siku zile tu nisizoswali, maana nyingine zote udhu unanidai kucha tupu. Kwa hiyo nikijipaka, nataka kazi iishe haraka na nikae hata kitandani.

Pete ya silikoni ninayo mwaka wa pili. Unaivaa mkono unaopakwa, chupa inakaa juu ya vidole, mkono mwingine unachovya brashi pale pale. Hakuna kunyoosha mkono mezani kutafuta chupa. Inabana chupa ya duara na ya pembe nne, kwa sababu silikoni inavutika.

Ubaya wake unakuja ukimaliza mkono wa kwanza. Kucha bado mbichi, sasa pete uivueje? Nilikuwa naharibu kidole cha shahada kila mara. Dawa yake nimeipata: nafunga chupa, napumzika dakika kumi, halafu naivua pete kwa kuisukuma kutoka upande wa kiganja, si kuivuta kwa ncha za vidole. Na usiivae hadi chini kabisa kwenye maungio, itakaza.

Kwa saluni sijui. Kumvisha mteja pete yenye chupa kwenye vidole vyake naona atashangaa.

KakaKikapu

Hatashangaa, atacheka tu 😄

Mimi ni mmoja wa wale vijana mnaowaona Kampala na kikapu cha kyuteksi, yaani rangi za kucha, tunazunguka maduka ya Kikuubo na viunga vyake. Mteja wangu amekaa kwenye kigoda, mwingine yuko nyuma ya kaunta anauza huku ananipa mkono mmoja. Meza sina. Mkono wa kiti sina. Nina goti langu tu.

Pete nimeijaribu, nikaivaa mkono wangu mwenyewe, ule ninaoshikia kidole cha mteja. Mwanzo inapendeza. Saa moja baadaye kidole kinauma, maana chupa ya kioo ikiwa imejaa ni nzito, na mimi napaka watu wengi kwa siku. Halafu kubadilisha rangi: mteja anataka nyekundu na kidole kimoja cheupe. Kila mara uchomoe, uchomeke. Nimeiacha.

Ninachotumia kimetoka kwenye jerikeni. Nimekata kitako cha jerikeni ndogo ya mafuta ya kupikia, kimo cha vidole vinne. Ndani nimebandika vipande vya sapatu kuukuu, nimevitoboa matundu matatu ya kukaza chupa. Kinakaa kwenye goti kwa sababu nimekifunga mkanda. Gharama yake ni gundi tu. Sijamwaga tangu mwaka jana, isipokuwa siku moja boda ilinigonga kiwiko, na hiyo si kosa la stendi.

KuchaZaBusia

Stendi ya plastiki inayong'aa usinunue. USINUNUE.

Nilikuwa nayo. Wiki ya kwanza nzuri, inapendeza mezani. Siku moja asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, ikadondoka, nikapangusa kwa pamba kama kawaida. Pale pamba ilipopita pakawa na ukungu, pakanata. Mwezi haukuisha ikawa kama imelambwa na moto. Plastiki ile ngumu inayovunjika kwa sauti ya kioo haipatani na asetoni, inayeyushwa. Plastiki laini ya jerikeni na ndoo haina shida hiyo, ndiyo maana ya KakaKikapu inadumu. Silikoni nayo ukiipangusa kwa asetoni haiharibiki, ifute tu, usiiloweke.

Na hapo hapo, MamaRukia: ile gomesi, ulitia asetoni?

MamaRukia_Arua

Nilikuwa nataka, mwenyewe akanishika mkono.

KuchaZaBusia

Mshukuru. Kuna vitambaa vinavyong'aa vimefumwa kwa nyuzi za asetati, na hizo asetoni inazila. Ungekuwa na doa, ukaishia na tundu. Siku nyingine kwenye nguo kwangua rangi kwa kijiko, usisugue, halafu jaribu dawa kwenye pindo la ndani kwanza.

FundiMbao_Ndeeba

Mimi kazi yangu ni vitanda na makabati, kucha sijui. Ila mke wangu anapaka, na nimemtengenezea stendi ya mbao, kwa hiyo nina haki ya kusema kidogo.

Tazameni chupa yenyewe. Kitako chembamba, juu kuna kizibo kirefu. Kila unapotia brashi unaisukuma kwa juu, na kitu kirefu ukikisukuma kwa juu kinaanguka upesi. Kwa hiyo swali si chupa imebanwa namna gani. Swali ni kile kinachoibana kina upana gani na uzito gani. Pete haina upana, inategemea mkono wako utulie. Stendi ya plastiki ina upana lakini ni nyepesi, ukiigonga inakwenda na chupa yake.

Mbao unachukua kipande kizito, kata sentimita 12 kwa 12, unene usipungue sentimita 5. Masalio ya mvule ni mazuri sana, ukikosa chukua mbao yoyote ngumu, msonobari ni mwepesi mno. Toboa kwa kekee tundu la milimita 38, kina sentimita 3. Chupa nyingi za mililita 15 zinaingia. Za pembe nne pima kona kwa kona, si ubavu: chupa yenye ubavu wa milimita 25 inahitaji tundu la 35 na ushee. Ikicheza, zungushia ndani utepe wa raba ya tyubu ya baiskeli.

Toboa na tundu la pili limeinama nyuzi 30. Hilo ni kwa chupa inayokaribia kuisha, brashi isipofika chini. Mke wangu ndiye aliyenifundisha, zamani alikuwa anaiegemeza kwenye kitabu cha mtoto.

Jambo la mwisho, na hapa mafundi wengi wanakosea: usipake vanishi. Ile lacquer tunayopulizia makabati, nyingi ni nitroselulosi, na kyuteksi ni nitroselulosi hiyo hiyo. Dawa inayofuta kucha inafuta na mbao. Piga msasa, paka mafuta, acha hivyo. Ikidondokewa na rangi, msasa tena.

BintiBombo

Kumbe kucha zangu na kabati la mama ni ndugu 😂

NyanyaMbale

Wajukuu zangu, huo mchele sijaupenda. Chakula ni chakula.

MamaRukia_Arua

Nyanya shikamoo. Nakubali, lakini niambieni, unafanya kazi?

KuchaZaBusia

Marahaba ya Nyanya iwafikie wote. Mchele unafanya kazi, mimi sitadanganya. Kikombe kizito cha udongo, mchele nusu, unaizamisha chupa na kuielekeza utakavyo, wima au imelala, hauhitaji tundu la kipimo. Chupa ya mduara, ya moyo, ile ndogo ya watoto, zote zinakaa. Kwa kujipaka nyumbani mara moja kwa mwezi inatosha kabisa.

Kwa saluni nimeuacha kwa sababu punje zinanata kwenye shingo ya chupa palipochuruzika rangi. Unafunga kizibo, punje inabanwa kwenye uzi wa kizibo, chupa haizibi sawasawa, asubuhi rangi imekuwa nzito kama uji wa mtama. Mchanga ni mbaya zaidi, unaingia hadi kwenye brashi.

Na hili ndilo nilitaka kulisema tangu mwanzo, maana hakuna aliyeligusa. Stendi zote hizi zina dhambi moja. Zamani chupa ilikuwa inakutisha, kwa hiyo unachovya, unafunga. Ukipata stendi unapata raha, unaiacha wazi tangu kidole cha kwanza hadi cha kumi, unapiga na soga. Kimiminika kinachoifanya rangi iwe nyepesi kinaruka hewani haraka sana, na kwa jua letu hili ndiyo usiseme. Tangu ninunue stendi, rangi zangu zilikuwa zinaganda haraka kuliko zamani, nikadhani nauziwa mbovu. Sasa baada ya kila mkono nazungusha kizibo hata kidogo. Ikishakuwa nzito tia tone mbili tatu za thina ya rangi ya kucha, viringisha chupa kati ya viganja. Asetoni usitie ndani ya chupa, inaharibu rangi, kesho inapasuka kwenye kucha.

KakaKikapu

Da Busia umenena. Mimi kwa kutembea nafunga kila saa, sikuwahi kuliona hilo.

Saluni_Mbarara

Mnaongelea rangi ya kawaida tu. Wateja wangu wengi wanataka jeli, ile rangi inayogandishwa kwa taa ya UV, na huko mambo yanageuka. Jeli haikauki kwa hewa, unaweza kuiacha wazi na isigande. Adui yake ni mwanga. Nilikuwa na stendi nzuri tu, nimeiweka karibu na taa ya UV ili nisinyooshe mkono. Mdomo wa taa unatazama chupa. Ndani ya siku chache jeli ya shingoni ikaganda, brashi ikatoka na vijipande. Nikahamisha stendi nyuma ya taa, tatizo likaisha.

Wanaofanyia kazi nje chini ya mwavuli pia wajihadhari, jua linafanya kazi ile ile ya taa, polepole tu. Jeli iliyomwagika nayo haraka ifute kabla ya mwanga kuipata, ikishaganda kwenye meza utaikwangua kwa wembe.

Kwa pete kwenye jeli nasema hapana. Mkono wenye pete ndio unaoingia kwenye taa! Mtu anasahau, anaingiza vyote.

BintiBombo

Hilo la kuingiza chupa kwenye taa limetokea kweli?

Saluni_Mbarara

Limenitokea mimi. Mara moja.

MamaRukia_Arua

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa kimya, tulikuwa na msiba.

Plastiki nimeiacha. FundiMbao alinitengenezea kipande chenye matundu manne, matatu wima na moja limeinama, nimempa elfu ishirini na kikaja na basi la usiku. Kizito kweli kweli, dereva wa boda aliuliza kama ni tofali. Nimekiweka kwenye kigoda katikati yangu na mteja, si kwenye mkono wa kiti tena. Mtoto yule yule amekigonga kwa mguu, kigoda kikayumba, chupa zikabaki zimesimama. Nusura nimkumbatie.

Binti anayekwenda majumbani nilimnunulia pete, akaichukia siku ya pili kwa sababu zile zile za KakaKikapu. Sasa ana kitako cha jerikeni na mkanda. Pete nimebaki nayo mwenyewe, naitumia Ijumaa usiku nikishafunga saluni, miguuni. Kwenye vidole vya miguu ni tamu ajabu, maana mikono yote miwili iko huru na hakuna wa kunisubiri.

Lalamiko moja tu kwa fundi: kuna chupa zangu za pembe nne, zile pana za jeli, haziingii kwenye tundu lolote.

FundiMbao_Ndeeba

Ulipima kona kwa kona?

MamaRukia_Arua

Nilipima ubavu.

FundiMbao_Ndeeba

Haya mama. Nipe kipimo cha kona, nikutobolee kingine. Nauli ya basi ni yako.