KERO: Wauza konvata na monita za kamera, hizo "4K" na "BNC" mnazotuuzia zinatutia hasara

Wakuu, habari za mihangaiko.

Huu uzi si wa kubembelezana. Nawasema wauzaji wa vifaa vya video, wa dukani na wale wa kwenye status, pamoja na mnaokodisha vifaa kwa siku. Mtu anatoka Kariakoo au Luthuli (Nairobi) na boksi la monita au konvata (kiboksi cha kuhamisha picha kutoka tundu la aina moja hadi jingine) limeandikwa "4K", anafika lokesheni ambako timu nzima inamsubiri, anachomeka, kioo cheusi. Akipiga simu anaambiwa "jaribu waya mwingine, mkuu". Waya hauna kosa. Ameuziwa kitu kisichohusiana na kazi yake, na aliyemuuzia ama hajui, ama anajua na amenyamaza.

"BNC NI BNC TU, KAKA"

Kauli hii ndiyo inayoudhi kuliko zote. BNC ni umbo la kichwa cha waya, basi. Kinachopita ndani ni habari nyingine. Kamera za ulinzi hupitisha picha ya analogi: ile ya kizamani inayoingia kwenye tundu la njano la TV, au AHD, TVI na CVI, yaani analogi za HD za CCTV. Vifaa vya filamu hupitisha SDI, ambayo ni dijitali: HD-SDI ni gigabiti 1.485 kwa sekunde, 3G-SDI ni 2.97. Ukichukua kile kiboksi cha "HDMI to BNC" kwenye kabati la CCTV ukakiunga na monita ya SDI, itaandika "No Signal" mpaka betri iishe. Hakuna setingi ya kurekebisha hilo.

Dalili ni rahisi. Kiboksi kikiwa na swichi ya PAL/NTSC (mifumo ya TV ya kizamani) ubavuni, mara nyingi kinatoa analogi. Konvata ya kazi yetu huandikwa SDI kwa herufi tatu, na mbele yake HD, 3G, 6G au 12G. Kama neno SDI halipo, rudisha kabatini.

Waya nao wana mchezo huohuo. SDI inataka waya wa ohm 75 na vichwa vya ohm 75. RG59 na RG6 ni 75. RG58 ni 50, na kwa macho zinafanana vya kutosha kumdanganya asiyesoma maandishi ya ubavuni. Roli za bei chee za CCTV nyingi zina chuma kilichopakwa shaba katikati na wavu mwembamba wa alumini, kisha mnazifunga vichwa vya kuzungusha kwa mkono. Kwa analogi ubovu huo unaonekana kama chenga, picha inachafuka polepole na mtu anavumilia. SDI haina uvumilivu. Picha iko safi kabisa, unaongeza mita chache inaanza kurusha vidoa vyeupe, ukiongeza chache tena inakatika yote. Waya mzuri kama Belden 1694A unafika karibu mita 100 kwa HD-SDI, na kwa 3G unashuka chini ya 80. Nyie mnamkatia mtu mita 50 za waya wa CCTV mnamwambia "huu hata mia unafika".

Na tafadhali, kile kichwa cha T cha kugawa BNC mara mbili kisiuzwe kwa mtu wa filamu. SDI haigawanywi hivyo, signali inarudi nyuma na kujivuruga yenyewe. Ukitaka monita mbili, tumia tundu la kupitisha la monita ya kwanza au kigawanyaji chenye umeme wake.

KONVATA "INAFANYA KOTE"

Haifanyi kote. HDMI kwenda SDI ni kiboksi kimoja, SDI kwenda HDMI ni kingine. Zipo za pande mbili, kwa mfano Blackmagic wanayo iitwayo BiDirectional, lakini hiyo hutajwa kwa jina lake na bei yake. Mwenye kamera ndogo isiyo na SDI, na monita yenye HDMI peke yake iliyo mita 30 kutoka kamera, anahitaji viboksi viwili: kimoja kwenye kamera, kingine kwenye monita, na kila kimoja na umeme wake. Muuzaji anampa kimoja.

Kosa la pili ni kudhani konvata inabadilisha aina ya picha. Konvata ndogo za kawaida zinabadilisha njia tu. Kilichoingia ndicho kinachotoka. Kamera ikiwa imeachwa HDMI kwenye "Auto" inaweza kutoa 4K, na konvata ya 3G haiwezi kubeba 4K, kwa hiyo kioo cheusi. Dawa iko kwenye menyu ya kamera, bure: weka HDMI itoe 1080p, fremu 25 kama unarekodi 25, zima maandishi ya kamera yasipite kwenye HDMI, na kwenye Sony zima pia CTRL for HDMI. Nusu ya konvata zinazorudishwa dukani zingepona hapo, na hakuna muuzaji anayemwambia mteja.

Kama kweli mnahitaji kubadilisha ukubwa au idadi ya fremu, mfano kamera inatoa 1080p na projekta ya ukumbini inataka 720p, hiyo ni kazi ya konvata yenye skela (kibadilisha ukubwa wa picha) ndani. Decimator MD-HX ndiyo wengi wanayoijua: ina HDMI na SDI za kuingia na kutoka, na menyu kwenye kioo chake kidogo. Ni ghali kuliko viboksi vya kawaida na ina sababu.

Halafu kuna mitego miwili ya SDI inayowapoteza hata mafundi. Mmoja ni PsF: kamera inarekodi fremu 25 kamili lakini inazipakia ndani ya signali ya 50i (nusu-fremu 50 kwa sekunde). Monita inaandika "1080i50" na kijana anaanza kubishana kwamba kamera imeharibika. Haijaharibika. Mwingine ni Leveli A na Leveli B za 3G, njia mbili tofauti za kupanga picha ndani ya signali. Zote ni 3G halali, zote ziko kwenye vipeperushi, lakini monita inayojua A peke yake ikipewa B inabaki gizani au inatoa picha iliyochanganyikiwa. Badilisha kwenye menyu ya kamera. Isipobadilika, rekodi 25 au 24 na utoe HD-SDI ya kawaida ya 1.5G, balaa linaisha.

MONITA ZA "4K" ZA INCHI 5

Nani alianza ujinga huu? Monita ya inchi 5 au 7 inayoandikwa 4K, maana yake inakubali kupokea 4K kwenye HDMI. Kioo chenyewe ni 1920 kwa 1080, au 1920 kwa 1200 kwenye inchi 7. Hiyo bado ni nzuri. Ubaya unaanza kwenye zile zilizoandikwa "supports 1920x1080" kwa herufi kubwa, na kwa herufi za mchwa nyuma ya boksi "physical 1024x600". Kwa kioo hicho mvuta fokasi hawezi kujua kama jicho la mwigizaji ni kali au ni nyusi. Tafuta neno "physical" au "native". Lisipokuwepo, fungua pikseli moja kwa moja (kitufe cha 1:1) kwenye picha ya 1080p. Kioo cha 1920 kwa 1080 hakitakuza kitu. Cha 1024 kitaruka ghafla na kukuonyesha kipande tu cha fremu.

Mwanga nao. Niti (kipimo cha mwanga wa kioo) 400 hadi 450 zinatosha ndani na kivulini. Jua la saa sita pale Coco Beach linahitaji kuanzia 1,000 na kofia ya kukinga, au 2,000 na zaidi bila kofia. Muuzaji anayekuambia "ongeza braitnesi" kwa monita ya niti 300 anakutania. Ila na ninyi wapiga picha, monita ya niti 2,200 ukiiwasha hadi mwisho usiku itakudanganya kwamba picha ina mwanga wa kutosha. Mwanga unapimwa kwa wevufomu (grafu ya mwanga wa picha) au rangi bandia (rangi zinazoonyesha viwango vya mwanga). Monita za mwanga mkali nyingi zina feni pia. Ukiiweka karibu na maiki, mtu wa sauti atakuchukia kwa haki.

Jambo ambalo hakuna duka linalolitaja: tundu la HDMI OUT la monita nyingi hupitisha signali jinsi ilivyoingia, bila LUT (faili la kurekebisha rangi) uliyoipakia. Mpiga picha anaona rangi tamu, dairekta kwenye kioo cha pili anaona kijivu cha log (picha iliyorekodiwa ikiwa imepauka makusudi, irekebishwe baadaye) na kuanza kulalamika picha imepauka. Ama kila monita ipakiwe faili lake la LUT, lile la .cube, ama ununue monita au konvata inayotoa LUT nje. Uliza kabla ya kulipa: "OUT inatoa LUT au haitoi?" Akikuangalia tu, umepata jibu.

UMEME, AMBAKO KAMERA ZINAFIA

Betri za monita aina ya NP-F970 feki zimejaa. F970 ya kweli ina seli sita, F750 nne, F550 mbili. Seli moja ya aina hiyo ina gramu 45 hivi, kwa hiyo F970 haiwezi kuwa chini sana ya gramu 280. Beba mzani wa jikoni. "970" ya gramu 190 ni seli nne zilizovaa koti kubwa. Hesabu yenyewe: betri ya Wh 47 kwenye monita inayokula wati 22 inakupa saa mbili, si siku nzima. Betri ikikaribia kuisha monita inajizima na kuwaka, na kila kioo kilichoungwa nyuma yake kinakatika pamoja nayo.

Kwenye D-Tap (tundu la umeme la betri kubwa za kamera): betri ya V-mount, ile ya kubandika nyuma ya kamera, ya 14.4V ikijaa inafika 16.8V. Monita iliyoandikwa "DC 12V" bila kutaja kiwango cha juu isichomekwe hapo moja kwa moja. Inayoandikwa 7–24V haina shida. Vichwa vya D-Tap vya bei ndogo vinaweza kulazimishwa vikaingia kinyume, na hapo unachoma kifaa kwa sekunde.

Sasa sikilizeni hili vizuri, hasa mnaokodisha. Kamera na monita zikila betri moja na zimeungwa kwa SDI, mpangilio ni huu: umeme wa monita kwanza, waya wa BNC baadaye. Wakati wa kufungua, BNC kwanza, umeme baadaye. ARRI, watengenezaji wa kamera za sinema, walishatoa onyo la maandishi kuhusu hilo. Sababu ni kwamba waya wa umeme mbovu ukigusa chanya kabla ya hasi, mkondo unatafuta njia ya kurudi kupitia ganda la BNC, na unapita kwenye chipu ya SDI ya kamera. Monita inabaki nzima, tundu la SDI la kamera linakufa. Kisha mnamkata mteja fedha za matengenezo wakati mliyempa waya wenye pini legevu ni ninyi.

KABLA HUJALIPA

Nenda na kamera yako, si picha yake. Chomeka na uweke menyu ya HDMI kwenye 1080p, kisha badilisha kila kiwango utakachotumia, 25, 50 na 4K kama unaihitaji, ukisubiri sekunde kumi kila mara. Bonyeza kurekodi huku ukiangalia monita: Canon 5D Mark II, kwa mfano, hushusha HDMI hadi ukubwa wa SD ikianza kurekodi, na hiyo si kosa la monita. Tikisa waya wa HDMI kidogo pale unapoingia. Tundu dogo la micro-HDMI likilegea picha itakatika, na hapo nunua kishikilia waya siku hiyohiyo. Iache ikiwaka dakika 20 uone kama inachemka au kuzima. Dukani wakikataa dakika 20, ondoka.

NYONGEZA 1: Mmeuliza kuhusu zile flashi za HDMI kwenda USB za "4K". Za bei ya chini nyingi zina chipu ya MS2109. Inapokea 4K lakini kwenye kompyuta inatoa 1080p ya fremu 30 iliyobanwa, kupitia USB 2.0, hata kama plastiki ya ndani imepakwa bluu ionekane ni USB 3.0. Kwa kumwonyesha dairekta zinafaa. Kwa kurekodi kazi ya mteja, hapana.

NYONGEZA 2: Aliyesema dekoda ya king'amuzi inatoa picha kwenye TV lakini kwenye konvata ya SDI ni giza: hiyo ni HDCP, kinga ya kunakili. Konvata inaikataa kwa makusudi. Kamera haina HDCP, kwa hiyo jaribu konvata kwa kamera kabla ya kuitukana.

NYONGEZA 3: Wauzaji mliomo humu na mnaonijibu inbox, jibuni hapa hadharani. Wekeni picha ya upande wa chini wa boksi, ule wenye volti na maandishi madogo. Ule wenye picha ya simba na neno 4K tumeshauona.