Tupeane uzoefu: Kuangalia mbio za pikipiki mvua inanyesha, Chuga (Arusha) na Moshi

Chalii wa Njiro
Wadau, habari za jioni. Huku Njiro mvua imeanza tangu saa tisa, na sasa hivi imepita pikapu imebeba pikipiki mbili za motokrosi, tope mpaka kwenye usukani, wenyewe wamekaa nyuma wanalowa na wanacheka. Imenikumbusha mbali. Mnajua mbio zetu za masika zilivyo: asubuhi jua kali, Meru unaonekana mpaka kileleni, mnatoka na fulana. Saa saba wingu limeshafunika mlima, saa nane mmebanana chini ya turubai la muuza mishkaki na hakuna anayeondoka, maana daraja la cc 250 bado halijakimbia.

Tupeane uzoefu. Ulisimama wapi, ulivaa nini, ulirudije. Mimi nasema wazi, mbio za kwenye tope ndizo mbio. Kwenye vumbi anatamba mwenye pikipiki mpya. Kwenye tope anatamba anayejua klachi.

Binti Sakina
Hapo kwenye Meru umenena. Wingu likikaa juu ya mlima kabla ya saa sita, beba koti, usibishane na mtu.

Mangi wa Kibosho
Watu wa Arusha tope hamlijui. Njooni Moshi, tambarare za huku chini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, udongo mweusi wa kunata. Ukiinua mguu, kiatu kinabaki. Ukipanda juu huku kwetu ni mwekundu, huo haunati, unakuangusha tu.

Chalii wa Njiro
Mangi, unajisifia tope?

Mangi wa Kibosho
Najisifia waendeshaji wanaotokea kwenye hilo tope. Wa kwenu wakishuka huku mzunguko wa pili wanasukuma kwa mkono.

Fundi Klachi
Wanasukuma kwa sababu ya rejeta, siyo udongo wa nani. Tope likiziba matundu ya rejeta hewa haipiti, injini inachemka. Jingine linajaa chini ya madigadi, pikipiki inaongezeka uzito, na kijana anaichoma klachi akijaribu kujinasua. Wazoefu huwa wanajaza sponji sehemu zinazokamata tope na kupaka plastiki kitu cha utelezi kabla ya kuanza. Ukitaka kufaidi kuangalia, usimfuate anayeongoza. Fuatilia mifereji inayochimbwa na tairi kwenye kona. Mzunguko wa kwanza upo mmoja, wa tano ipo mitatu, na anayeuchagua ulio sahihi ndiye anayetoka wa kwanza. Ni raha kubwa hiyo kuliko miruko.

Kahawa Chungu
Aliyeangalia Motocross of Nations, yale mashindano ya timu za mataifa, ya 2017 pale Matterley Basin, Uingereza, anakuelewa. Lilikuwa tope tupu, mabingwa wa dunia wanakwama kama wanafunzi, na Ufaransa wakachukua kombe. Waliokuwa wakitulia ndio waliofika.

Mzee wa Pasua
Vijana, mimi nitasema lisilopendeza. Mvua ikinyesha mbio zisimame. Hata kule kisiwa cha Isle of Man, kwenye mbio za pikipiki za barabarani, barabara ikilowa watu wanasubiri ikauke.

Chalii wa Njiro
Mzee shikamoo. Ile ni lami, na pembeni kuna kuta za mawe. Motokrosi ilianzia kwenye mashamba na vilima, Camberley, Uingereza, mwaka 1924. Ukitaka ikauke kwanza, hiyo ni mbio nyingine.

Mzee wa Pasua
Marahaba. Sizungumzii anayeendesha, yeye amevaa helmeti na ngao ya kifua. Nazungumzia mama aliyesimama pembeni amevaa kandambili.

Mama K
Mzee wangu umenigusa, naomba niandike kwa kirefu maana hili halijanitoka.

Ilikuwa masika, tulikwenda mimi, mdogo wangu na mwanangu, wakati huo yuko darasa la pili. Kuna kona moja baada ya mruko mkubwa, wanatua, wanakata kushoto. Upande wa nje kuna tuta na mgrivea mmoja. Mvua ilipochanganya watu wote wakakimbilia pale, kwanza kwa ajili ya mti, pili kwa sababu unawaona wakiwa hewani. Mama mmoja wa mahindi ya kuchoma naye akahamishia jiko lake pale, akalikinga na kipande cha bati. Utepe ulikuwa wa nailoni, umefungwa kwenye vijiti. Ulipolowa na watu wakauegemea, ukalala chini, hakuna aliyeuinua. Kijana wa kushika bendera alikuwa anapiga kelele, "Rudini nyuma! Rudini nyuma!" Watu wanamjibu, "Wewe shika bendera yako."

Mtoto akaanza kutetemeka. Tukasogea nyuma ya ule mti nimvue fulana nimfunge kanga kavu. Nimeinama nafunga fundo shingoni, nikasikia injini inalia vibaya, mlio ule wa kutokuwa na mtu wa kupunguza mafuta. Kijana alishaanguka pale wanapotua. Pikipiki ikaja peke yake, imelala ubavu, inateleza, ikapita juu ya utepe. Watu wakapasuka huku na huku. Ikalivaa jiko. Makaa yakaruka, mahindi, bati, kila kitu. Ikaishia kwenye miguu ya yule mama, akaanguka chali, bomba la moshi likambana shavu la mguu. Mvua inanyesha na bomba linatoa mvuke juu ya ngozi ya mtu.

Wanaume wakaikamata kuinyanyua, tairi la nyuma bado linazunguka linatumwagia tope machoni, mmoja anapapasa usukani kutafuta pa kuzimia. Gari la wagonjwa lilikuwa upande wa pili wa uwanja, na ili lifike lazima likatize wanapokimbilia. Bendera nyekundu ya kusimamisha mbio ikachelewa, pikipiki zinaendelea kupita na sisi tunapunga kanga. Yule mwendeshaji akaja anachechemea, amevua helmeti, analia, "Mama nisamehe, mama nisamehe." Mama yuko kwenye tope, mguu umeungua, anamuuliza, "Mwanangu, wewe umeumia wapi?" Mimi hapo ndipo nililia.

Mtu akatoa dawa ya meno akampaka. Tulichanga pale pale kwenye helmeti ya yule kijana. Kidonda kilimsumbua sana huyo mama.

Binti Sakina
Jamani. Mama K pole sana. Huyo mama anaendeleaje?

Mama K
Anatembea vizuri, namshukuru Mungu. Kovu analo. Bado anauza mahindi, ila viwanjani haendi tena.

Msela wa Tengeru
Nimesoma mpaka chai imepoa.

Nesi wa Zamu
Mama K, hiyo dawa ya meno ndiyo imenifanya niandike. Wapendwa, mtu akiunguzwa na bomba la pikipiki, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mvueni kiatu, kikuku na chochote kinachobana kabla hajavimba. Funikeni kwa kitambaa safi au nailoni safi, kisha hospitali. Dawa ya meno hapana, siagi hapana, barafu hapana. Mnaziba joto ndani na sisi tunakuja kumkwangua mgonjwa kwa maumivu.

Msela wa Tengeru
Nesi, bibi yangu Meru alitibu watu na ute wa yai, na walipona.

Nesi wa Zamu
Walipona kwa sababu moto ulikuwa mdogo. Yai bichi kwenye jeraha ni kukaribisha vidudu. Bibi namheshimu sana, lakini yai apike.

Mangi wa Kibosho
Kwa hiyo sheria ni moja: usisimame nje ya kona. Pikipiki ikikosa mshiko haikati kona, inanyoosha. Simama upande wa ndani.

Fundi Klachi
Nusu kweli, mangi. Upande wa ndani nao wanakata njia wakikwepa mifereji, na tairi la nyuma linarusha mawe. Tafuta mahali pa juu, palipo mbali na utepe, na usisimame kabisa eneo wanalotua. Halafu someni bendera. Ya njano ikipungwa maana yake mbele kuna hatari. Mwendeshaji apunguze, asiruke, asimpite mwenzake. Na wewe mtazamaji ukiiona ya njano karibu yako, ondoka kwenye utepe, usitoe simu.

Binti Sakina
Na mti je? Mama K ametoka salama kwa sababu ya ule mti.

Mzee wa Pasua
Radi ikianza mti ndio unaokuua. Ukisikia ngurumo ingia kwenye gari, funga vioo. Masika ya huku tunayajua.

Kahawa Chungu
Nani ana gari, mzee? Wengi tunakwenda na bodaboda.

Mzee wa Pasua
Ingia la jirani. Hakuna atakayekufukuza kwenye radi.

Msela wa Tengeru
Mimi niongelee kurudi, maana hamjaligusa. Mnaegesha Noah kwenye shamba la mtu asubuhi ardhi ikiwa kavu. Jioni zote zinatoka kwa pamoja, ya kwanza inazama getini, basi, mnalala na njaa mkisubiri trekta, na mwenye trekta siku hiyo bei anapanga yeye. Egesha karibu na barabara, uso unaangalia kutokea, hata kama utatembea.

Mangi wa Kibosho
Gambuti nunueni soko la Memorial hapa Moshi, mitumba mizuri ipo. Chukua inayozidi mguu kidogo uvae na soksi nzito.

Binti Sakina
Ikizidi mguu itabaki kwenye hilo tope lako la TPC. Chukua inayokubana.

Mama K
Mwenye mtoto abebe nguo kavu za kubadilisha, zifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Na ukiona mtu amepanga jiko karibu na kona, mwambie ahame hata kama atakununia. Msaidie kulibeba.

Chalii wa Njiro
Mama K, Jumapili hii nikifika kwenye mbio za huku Arusha nitaanza na hilo. Nawaomba tutakaokuwepo tuuinue ule utepe wenyewe ukianguka, tusisubiri kijana wa bendera. Nani anatoka Moshi ana nafasi? Kuna wadogo zangu wawili wako Boma Ng'ombe.

Mangi wa Kibosho
Nafasi ipo. Napita Boma saa mbili kasoro, wasimame upande wa kuja Arusha. Gambuti wapakie nyuma, zisiingie kwenye viti.