T2 (muda wa kufifia kwa ishara) ya maji ya ndani na nje ya aksoni: je, MRI ya difyusheni inaweza kuzitenganisha?

Swali, kutoka kwa mwanafunzi wa fizikia ya tiba

Shikamooni wakubwa. Nimewapima watu walewale kwa MRI ya difyusheni, yaani ile inayopima msogeo wa maji kwenye tishu, kwa mashine ya tesla 3, mara ya kwanza kwa muda wa mwangwi (muda kutoka pigo la kusisimua hadi ishara kusomwa) wa milisekunde 70, kisha 110. Modeli ninayotumia hugawa maji ya sehemu nyeupe ya ubongo kuwa ya ndani na ya nje ya aksoni (nyuzi ndefu za seli za neva), nami nikaona uwiano wa maji ya ndani umepanda katika kipimo cha pili, ingawa ubongo ni uleule. Je, nimekosea katika uchakataji?

Jibu la 1

Marahaba. Hujakosea, modeli yako ndiyo inayodhani kwamba maji yote yana T2 moja. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba maji ya ndani yana T2 ya milisekunde 90, ya nje 60, na kwamba yako nusu kwa nusu. Kwa mwangwi wa 70, ishara ya ndani itakuwa karibu asilimia 60 ya jumla, na kwa 110 itafika 65, kwa sababu ishara ya nje hufifia upesi zaidi. Maji yaliyonaswa kati ya matabaka ya mayelini (ganda la mafuta linalozunguka aksoni) hata huyaoni: T2 yake ni takriban milisekunde 15, kwa hiyo hutoweka kabla mashine haijaanza kusoma.

Ukitaka T2 ya ndani peke yake, ongeza thamani ya b (kiwango cha jinsi kipimo kinavyohisi msogeo wa maji) hadi 6000 hivi, kwa sekunde kwa milimita ya mraba. Maji ya nje hupata nafasi ya kusogea kukatiza nyuzi, hivyo ishara yake huzimika karibu yote, ilhali ya ndani, yaliyobanwa na kuta za aksoni, hubaki. Hapo badilisha muda wa mwangwi peke yake, huku ukiacha urefu wa mapigo ya gradienti (mabadiliko ya uga wa sumaku yanayopima msogeo) na nafasi kati yake vilevile. Ukivigusa, hutajua kama mabadiliko yametokana na T2 au na muda wa difyusheni, yaani muda ambao maji hupewa kusogea.

Jibu la 2

Naafikiana na mwenzangu, ila b kubwa pamoja na mwangwi mrefu huishusha ishara hadi kwenye kelele, na kwa kuwa picha za ukubwa (zinazoonyesha ukubwa wa ishara tu) haziwezi kuwa na thamani hasi, kelele hiyo huirefusha T2 kwa uongo. Wastani wa pande nyingi za gradienti hauiondoi; isahihishe kabla ya kukokotoa wastani.

Tena usikimbilie kulinganisha nyuzi kwa nyuzi. Mtu akilala ndani ya mashine, nyuzi zishukazo kwenye uti wa mgongo hufuata uga mkuu wa sumaku, na zile za kopasi kalosamu (daraja la nyuzi kati ya nusu mbili za ubongo) huukata. Mayelini huuvuruga uga huo kulingana na pembe, na maji ya nje ndiyo huathirika zaidi, kwa hiyo tofauti ya T2 kati ya njia hizo mbili si lazima iwe tofauti ya tishu.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Gradienti zetu ni za kawaida za hospitali, na b ya 6000 inanilazimu kuanzia mwangwi wa milisekunde 100 hivi. Je, 100, 120 na 140 zinatosha kukadiria T2 moja?

Jibu la 2

Zinatosha, mradi kelele iwe imesahihishwa. Rudia ile ya 140 mara mbili zaidi. Ndiyo dhaifu kuliko zote.