Kilo au farasi? Ndinga ndogo za michezo za bei ya kawaida

Mzee wa Kona:
Wakuu kuna kitu kinanikera. Tangu Toyota watoe gari lao dogo la spoti, 86, mwaka 2012 kila kijiwe wimbo ni uleule, haina nguvu, injini ya farasi 200 tu, wangeiwekea tabo (turbo, ile pampu ya kusukumia injini hewa zaidi). Sasa chukueni gari la spoti la Mwingereza, Lotus Elise ya kwanza, ile ya 1996, farasi 118 lakini kilo 725, gawanyeni wenyewe, inakuja farasi 163 kwa tani. Hiyo 86 ina kilo 1,240 hivi, inakuja 161. Ngoma droo! Na Elise sijasikia mtu anaiita goigoi. Kwangu mimi gari la bei ya kawaida watoe kilo kwanza, kwa sababu kilo zikitoka breki inapumua, tairi zinapumua, kona unaingia nayo vizuri na mafuta yanapungua, wakati farasi utawaona barabara ikinyooka tu. Ila wengi wanaolilia farasi 300 hata kushusha gia kabla ya kona hawajui. Karibuni.

chuma_chakavu:
Ulianza vizuri ukaja kuharibu mwishoni. Nani hajui kushusha gia? Mimi nimejifunzia Fuso, gia ukiikosea mtaa mzima unasikia. Nina Subaru Impreza ya tabo na mlima Kitonga naupanda kila nikienda Iringa, nikikuta lori mbele na nafasi ni fupi nakanyaga nimepita, wewe na kilo zako chache utabaki hapo nyuma unavuta moshi. Hivyo vigari vyepesi kama Mazda Miata ni vya kubebea demu beach.

Gia Sita:
Mimi ndiye demu na gari ni langu, nilinunua kwa hela yangu. Roadster, ndilo jina la Miata huko Japani, injini ya lita 1.5, farasi 131, ile ya vitu vichache kabisa Japani inaandikwa kilo 990. Wewe kaka umeshawahi hata kuikalia? Gia yake mkono hausogei hata shubiri, unaigusa imeingia. Naikamua mpaka mwisho gia ya pili na raha yote naipata, wewe hiyo Impreza mpaka uisikie raha hiyo unalala polisi. Halafu Kitonga ya kupita malori kwenye kona unajisifia nini hapo, hayo ndiyo mambo ya kujisifia?

chuma_chakavu:
Sijasema napita kwenye kona. Soma tena.

Gia Sita:
Nimesoma. Umesema nafasi fupi.

Mtu wa Spana:
Mnagombana pembeni ya hoja. Shida ya 86 ya kwanza haikuwa farasi wala kilo, ni pale katikati, injini ikizunguka kuanzia mara elfu tatu na kitu mpaka elfu nne na kitu kwa dakika, torki (ile nguvu ya kuvuta) inazama, unakanyaga unaona kimya. Torki yake ya juu, Nm 205, inakuja kwenye mizunguko 6,400 huko, nani anafika huko mjini? GR86, ile iliyoirithi 86, wakaiwekea injini ya lita 2.4, torki 250 kwenye mizunguko 3,700, uzito umeongezeka kidogo sana na kelele zikaisha. Kwa hiyo jibu ni torki ya chini, tabo wala haikuhitajika.

Buda wa Limuru:
Nyinyi wa Dar mnaongea mkiwa usawa wa bahari. Nairobi ni mita 1,700 na ushee, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia moja kila mita 100, hizo farasi 200 zenu zikifika huku ni kama 165. Ndiyo maana mimi niko na Suzuki Swift Sport, 1.4 ya tabo, farasi 140, kilo 970 kwa zile za Japani, na hapa juu haisikii kitu. Kilo na farasi zote ziko, case closed.

chuma_chakavu:
Swift? Gari la kupeleka watoto shule unalileta kwenye mjadala wa spoti?

Buda wa Limuru:
Njoo Mai Mahiu tukupeleke shule.

Mtoto wa Ngamiani:
Mimi nauliza tu, Mzee wa Kona anayepigania kilo, ile picha yake ya profaili amesimama na gari, kile kitambi peke yake si kilo 20? Aanze na hicho kabla ya kumwambia Toyota.

Mzee wa Kona:
Kitambi ni changu na nimekigharamia. Hoja ijibiwe.

Gia Sita:
😂😂 Ila kweli, mimi nikipakia abiria mnene Roadster naisikia kabisa kwenye kona.

Mtoto wa Ngamiani:
Umeona Mzee? Ushahidi huo.

Mtu wa Spana:
Kuna aliyesoma nilichoandika kuhusu torki?

Kodi Zinaua:
Torki utaijua TRA, kwa watoza kodi wa Tanzania, ukiingiza gari. 86 ni cc 1,998, ushuru wa bidhaa asilimia 5, GR86 imevuka 2,000 unapigwa 10. Unafikiri umeokoka kwa kuchukua ya 2012, unakutana na ushuru wa uchakavu, ule wa magari ya zamani. Halafu unaifikisha mtaani tuta la kwanza tu linakwangua tumbo. Mjapani alipunguza kilo, wewe unaongeza kodi na bamba la chuma chini ya injini.

chuma_chakavu:
Impreza haikwangui.

Mgeni Mwema:
Samahani wakuu, nimeiona 86 ya otomatiki bei nzuri, rangi nyekundu, inafaa?

Gia Sita:
Otomatiki??

chuma_chakavu:
Hapa leo dada tuko pamoja. Mgeni toka nje kwanza.